Korongo la Mchanga, Nyuma ya Kinango

Nilivuka feri ya Likoni Ijumaa alfajiri nikiwa na nia moja tu: kwenda kumrudisha binti yangu nyumbani.

Binti yangu ni muuguzi. Huu ni mwaka wake wa pili katika zahanati moja ya ndani, mbele ya mji wa Kinango, Kaunti ya Kwale. Kazi yake, zaidi ya kuwapokea wagonjwa, ni kuwapelekea watoto chanjo katika vijiji ambavyo gari halifiki. Kwa ajili hiyo alipewa pikipiki. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Baada ya miezi minane ikanijia simu kwamba ameanguka korongoni na amevunjika mtulinga. Akaletwa Mombasa, akakaa kwetu wiki saba mkono ukiwa umetungikwa shingoni, nami nikamlisha, nikamsuka nywele, nikamwogesha kama nilivyomwogesha alipokuwa na miaka minne. Mfupa ukaunga. Siku alipoweza kuinua mkono hadi kichwani bila kukunja uso, akasema anarudi kazini, na akarudi, ila pikipiki ilibaki imeegeshwa ukutani ikingoja kauli yetu.

Babake hakusema kitu kwa siku mbili. Kisha akaniambia, "Nenda wewe ukaone kwa macho yako. Utakalokuja nalo ndilo nitakalolishika." Waume zetu wana namna hii ya kutupa heshima ambayo ndani yake mna mzigo.

Kutoka Likoni hadi mji wa Kwale ni yapata kilomita 30, na ni safari ambayo mtu hachoki kuitazama. Minazi na miembe ya Ng'ombeni na Matuga inakusindikiza, halafu gari linaanza kupanda, joto la pwani linabaki chini, na ukifika Kwale upo kiasi cha mita 400 juu ya bahari, upepo una baridi ya kutaka shali. Hiyo ndiyo milima ya Shimba, ambako msitu wake ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndipo mahali pekee katika Kenya nzima anapoishi palahala akiwa huru. Nilisomesha jambo hilo darasani kwa miaka mingi. Palahala mwenyewe sijamwona hata siku moja.

Kaka yangu mkubwa anakaa Kwale. Alikuwa afisa wa kilimo nyanjani. Aliajiriwa mwaka 1984, ule mwaka wa ukame, akakabidhiwa pikipiki aina ya Honda XL 125, na tangu hapo hadi alipostaafu hapana njia ya ng'ombe katika Kinango asiyoipita. Alipostaafu akatafuta nyingine ya aina ile ile, kuukuu, akaifufua mwenyewe kwa mikono yake. Nilimkuta uani ameishika kitambaa. Nilitaraji kwamba ataniunga mkono. Yeye ndiye ajuaye hatari za njia zile kuliko sote.

"Tutakwenda," alisema. "Lakini ukikaa upande, dadangu, sikupeleki."

Hapa lazima nikiri, dada zangu wasomaji. Tangu bodaboda zilipoingia mjini mwetu nimezipanda kwa kukaa upande, miguu yote miwili kushoto, buibui likipepea, mkoba mapajani. Niliona ndiyo staha. Kaka hakubishana nami juu ya staha, alinionyesha gurudumu. Alilizungusha kwa mkono, akaniambia nitazame mahali cheni inapoingia katika meno ya gurudumu la nyuma. Nguo ikinaswa pale, alisema, haichaniki ikaachia, inamvuta aliyeivaa. Na abiria aliyekaa upande ameuweka uzito wake wote kando ya chombo, kwa hivyo dereva kila wakati anapigana na upande mmoja. Kwenye lami huenda akamudu. Kwenye mchanga hamudu.

Basi wifi yangu akanivisha. Suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake kanzu iliyopasuliwa pembeni hadi magotini, suruali imefungwa kwa mpira juu ya kifundo cha mguu. Buibui likakunjwa likatiwa mkobani. Mtandio wangu mrefu ukabadilishwa kwa ushungi mfupi wa pamba unaokaa vyema chini ya helmeti, ncha zake zikaingizwa ndani ya kola. Kaka akauliza kama nina pini. Nilikuwa nazo tatu. Akazitaka zote. Pini iliyo chini ya helmeti ni sindano inayongoja kichwa kigongwe, na mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Nilijitazama kiooni: nilikuwa nimesitirika kuliko nilivyowahi kusitirika juu ya pikipiki yoyote.

Barabara kuu ya kushuka kutoka Kwale kwenda Kinango sitaizungumza sana. Inapita kando ya Mwaluganje, ile hifadhi ya ndovu iliyoanzishwa mwaka 1995 na wenye mashamba wenyewe, wanaotengeneza hata karatasi kwa mavi ya ndovu. Kadiri unavyoshuka ndivyo nchi inavyobadilika. Kijani cha Shimba kinakatika, miti inapungua kimo, mibuyu inasimama mbalimbali, na hewa inakauka mdomoni. Umeingia nyika ya Waduruma. Mawe yake ni ya mchanga ulioshikamana zamani, na yakimomonyoka yanaurudisha mchanga ule ule kwenye njia na kwenye makorongo. Kaka alisali Ijumaa katika msikiti wa mjini Kinango, nami nikasali dhuhuri yangu na kunywa maji. Kisha tukaiacha barabara.

Hapo ndipo nilipoyaona aliyokuwa akiyapita mwanangu kila wiki. Njia yenyewe ni upana wa mkokoteni. Katikati imeinuka, pembeni mna mifereji miwili iliyochimbwa na maji ya vuli, na ndani ya mifereji mna mchanga laini kama unga. Nilipoona kaka amesimama juu ya vikanyagio nikadhani anatafuta kitu mbele. Kumbe ndivyo walivyo waendeshaji wa njia hizo. "Nikisimama wewe inuka kidogo tu, usikaze," aliniambia kwa sauti ya juu. Nikajifunza kwamba chombo kikiruka chini yako, magoti ndiyo yanayopokea ule mshtuko, wala si uti wa mgongo.

Binti yangu alitupokea mlangoni pa zahanati, akanibusu mkono, akambusu na mjomba wake. Alikuwa amekonda. Mjomba hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja ilipoegeshwa pikipiki, akachutama, akaanza kuikagua kama daktari anayempima mgonjwa asiyesema.

Kwanza alibana tairi kwa kidole gumba, kisha akatoa kipimo mfukoni. Upepo ulikuwa pauni 36, mbele na nyuma. Fundi wa mjini ndiye aliyezijaza, na kwa lami alidhani amefanya hisani. Tairi ngumu namna hiyo hugusa ardhi kwa sehemu ndogo tu. Juu ya jiwe inaruka, na katika mchanga inakata kama kisu badala ya kuelea. Kaka alitoa upepo mpaka ukabaki pauni 18 mbele na 20 nyuma. Binti akauliza kwa nini isitolewe zaidi. Swali zuri, na jibu lake ni kwamba tairi ikiwa laini kupita kiasi rimu hulibana jiwe na kulikata tyubu mara mbili, kama meno ya nyoka, au tairi huzunguka juu ya rimu na kuing'oa valvu. Mzigo ukizidi, upepo nao uongezwe. Na akirudi kwenye lami aujaze tena, kwa hivyo lazima awe na pampu ya mkono. Hakuwa nayo.

Kisha mikono ya breki na klachi. Ilikuwa imeelekea mbele, sawa kwa mtu aliyekaa. Alimwambia binti asimame juu ya vikanyagio, naye aliposimama, viganja vyake vikapinda kwenda juu ili kuifikia. Kaka akalegeza skrubu, akaizungusha ikaelekea chini mpaka mkono na kiganja vikawa mstari mmoja. Akaikaza, lakini si kwa nguvu zote. Mkono wa breki uliokazwa sana ukiangukiwa huvunjika, na ulioachiwa nafasi kidogo huzunguka tu ukasalimika. Akang'oa raba laini zilizofunika vikanyagio. Chini yake mlikuwa na meno ya chuma, na meno yale ndiyo yanayoshika kiatu chenye matope.

Cheni ilikuwa imekazwa kama uzi wa gambusi. Mimi ningedhani kukaza ndiko kuzuri. Kaka alieleza kwamba gurudumu la nyuma linapopanda kwa sababu ya tuta, cheni huzidi kukazika, na isipokuwa na ulegevu wa vidole viwili au vitatu itakatika au itaharibu beringi. Kila pikipiki ina kipimo chake katika kitabu chake, akasisitiza, nacho ndicho cha kufuata. Chujio la hewa alipolifungua likamwaga vumbi jekundu mapajani mwake. Sponji ile ikaoshwa kwa sabuni, ikaanikwa, ikapakwa mafuta kidogo.

La mwisho ndilo lililomfanya atikise kichwa. Kisanduku cha chanjo, pamoja na mapande yake ya barafu, kilikuwa kikifungwa juu ya karia kwa nyuma kabisa, na juu yake mfuko wa madaftari. Mzigo mzito ukiwa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, halisikii usukani. Kaka alikisogeza kisanduku mbele kikagusana na kiti, akakifunga kwa mipira minne, na madaftari na spana zikaenda katika mifuko ya pembeni, chini.

"Ulifundishwa wapi?" akamuuliza.

"Kwenye lami, Mjomba. Siku mbili."

Binti ana leseni yake ya daraja la A2, halali. Lakini siku mbili za lami ndizo zilizompeleka kwenye korongo la mchanga akiwa na tairi za pauni 36 na mzigo juu ya mkia. Nilikaa kwenye benchi ya wagonjwa nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Nilikuwa nimekwisha kuiandaa hotuba yangu, kwamba kazi ile si ya mtoto wa kike. Na mbele yangu mzee wa miaka 60 na zaidi alikuwa amenionyesha kwa spana moja sababu ambazo zingemwangusha hata yeye.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa shule iliyokuwa karibu. Shule zilikuwa zimefungwa. Kaka alianza na jambo lililoonekana la kitoto: kwenda polepole kuliko mwendo wa mtu anayetembea. Klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa mbali. Chombo kikienda hivyo bila kuanguka, mkono umeanza kuelewana na injini. Vidole viwili tu juu ya klachi, viwili juu ya breki ya mbele, vilivyobaki vinashika usukani, na vinaushika kama mtu anavyomshika kifaranga. Akamzungusha katika herufi ya nane mpaka vumbi likatuchosha sote.

Kisha kusimama. Nyayo katikati, juu ya vikanyagio. Magoti yamekunjwa kidogo na yanalibana tangi. Viwiko vimeinuka na kutoka nje. Kichwa kiko juu ya usukani, na macho yako mbali. Hili la macho alilirudia mpaka nikalihesabu. Mwenye kuanza hutazama gurudumu lake la mbele, au hulikodolea jicho jiwe analoliogopa, na chombo hufuata jicho. Aliyelitazama jiwe huligonga. Atazame pale anapotaka kupita, mbele kabisa, na hilo jiwe litapita pembeni.

Binti alikuwa akiuvuta usukani kwa mikono, nami nikaona mabega yake yamepanda hadi masikioni. Kaka akanigeukia. "Njoo wewe." Injini imezimwa, stendi imekunjwa, yeye amelishika gurudumu la mbele baina ya magoti yake na binti ameishika karia. Nikapanda. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nyanya wa wajukuu watatu, nimesimama juu ya pikipiki katika uwanja wa shule ya watu. "Ondoa mikono," akasema. Nikaiondoa. Sikuanguka. "Sasa sukuma kikanyagio cha kushoto kwa mguu." Nikasukuma, na pikipiki ikalala kushoto. Nikasukuma cha kulia, ikalala kulia. Kumbe pikipiki huongozwa kwa miguu. Binti yangu alinitazama akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu avunjike nikayaona mabega yake yameshuka.

Alasiri tukaenda korongoni.

Ni bonde la mto wa msimu, upana wake hatua 40 hivi. Maji hupita siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki ni mchanga mweupe, mzito, uliochorwa na kwato za mbuzi. Miti mirefu imesimama kandokando kwa sababu mizizi yake inayajua maji yaliyo chini, na wanawake wa pale huchimba visima vya mkono humo humo na kuchota kwa kata. Ni mahali pazuri. Nilipachukia nilipopaona.

Kaka aliizima injini akasema tutembee kwanza. Njia usiyoijua, au iliyokwisha kukuangusha, itembee kwa miguu, hakuna aibu. Tukatembea. Akatuonyesha mahali mchanga uliposhikamana kwa sababu ya unyevu, na mahali ulipokuwa mlegevu. Katikati binti akasimama. "Ni hapa," alisema. Nikainama nikaona kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa, cha taa ya pembeni. Nikakitia mfukoni.

Akamwambia mjomba wake yaliyotukia. Aliingia akiwa amekaa. Gurudumu la mbele likaanza kuyumba, akaogopa, akaachia mafuta ghafla na kuibana breki ya mbele. Kaka akaitika kila neno kama anayesikia kisa cha zamani. Katika mchanga gurudumu la mbele huyumba, na ni desturi yake, liachwe liyumbe. Ukiachia mafuta uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu linazama, na ukiongeza breki juu yake ndio umelizika. Dawa ni kinyume cha woga: ingia umesimama, gia ya pili, mwili umerudi nyuma kidogo, mafuta yasikatike hata chembe, mikono iwe mepesi, na miguu ndiyo ielekeze. Ukitaka kusimama, punguza mafuta kidogo kidogo na mchanga wenyewe utakusimamisha.

Kusema ni rahisi. Mara ya kwanza aliingia vizuri, akafika katikati, akakaa kitini. Injini ikazima. Hakuanguka. Mjomba na mimi tukaisukuma nje, nami viatu vikajaa mchanga. Mara ya pili alifika karibu na pale pale, gurudumu likayumba kushoto, likayumba kulia. Nilifunga macho. Nilikuwa nikiomba dua zote ninazozijua bila mpangilio. Nilipoyafumbua alikuwa ng'ambo, amesimama bado, hajui asimame wapi.

Alivuka mara 11 alasiri ile. Niliwaambia kwamba mimi ni mwalimu na huwa nahesabu. Mara ya saba alianguka, taratibu, ubavuni, akainuka kabla sijafika. Kaka akamzuia asiivute pikipiki kwa mikono. Ndivyo migongo inavyoumia, na chombo kile ni zaidi ya kilo 100. Zima injini, funga mafuta. Ikiwa imelala upande wa kulia, toa stendi kwanza ili ikisimama isiangukie upande wa pili. Geuza usukani wote upande mmoja. Igeuzie mgongo, kiti kiguse makalio, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Nguvu ni ya mapaja. Binti aliye na mtulinga wa kuunga aliinua pikipiki peke yake, nami nilikuwa nimenyoosha mikono hewani kama ninayemfundisha mtoto kutembea.

Ukingo wa ng'ambo una mteremko wa mawe, na huo kaka aliupa saa nzima. Kushuka ni gia ya kwanza au ya pili, klachi isiguswe, injini yenyewe ishikilie, mwili nyuma, breki ya nyuma kwa upole na ya mbele kwa upole zaidi. Kupanda ni mwili mbele na mafuta yasiyokatika. Aliloniogopesha ni pale alipomwambia makusudi azime katikati ya mlima. Watu wengi hapo hushika breki ya mbele tu, na pikipiki huanza kuteleza kurudi nyuma na gurudumu lililofungwa. Yeye alimfundisha kuiacha ndani ya gia, injini ikiwa imezima, na kuachia klachi polepole: gurudumu la nyuma linafungwa na injini, chombo kinatulia kama punda aliyegoma. Hapo una muda wa kuvuta pumzi na kufikiri.

Juu ya maji alisema machache, kwa kuwa hapakuwa na maji. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilimkuta ng'ambo ya mto, akalala siku tatu kwa mzee mmoja wa Kiduruma aliyemlisha sima na mchicha. Maji yasiyofika katikati ya gurudumu, yasiyo na nguvu, ambayo umeyatembea kwanza, yanavukika. Ukitoka gusa breki mara kadhaa zikauke. Injini ikizima ndani ya maji usiiwashe, itoe plagi kwanza. Maji yenye rangi ya chai yanayokimbia yaache. "Chanjo itaharibika, itatupwa, italetwa nyingine," alimwambia. Kisha akanitazama mimi, asiseme mengine.

Usiku ule niliweka masharti yangu. Masika, yakianza, asiende peke yake. Kila afikapo mahali penye mtandao atume ujumbe. Suruali na viatu vya kufunika muundi kila siku, hata njia iwe fupi. Akayakubali yote. Nikajaribu la nne, kwamba aombe uhamisho mwisho wa mwaka. Alinimiminia chai akaniuliza kama nataka tangawizi.

Jumatatu tulimfuata, mimi nyuma ya kaka, kwa mbali ili tusimsumbue. Alikipanga kisanduku gizani kabla ya alfajiri, kwa sababu chanjo hukaa baina ya nyuzi 2 na 8 na barafu haimsubiri mtu. Korongo alilivuka bila kusimama. Safu ya vumbi ilipanda ng'ambo, ikapotea nyuma ya mibuyu. Tulipofika kijijini alikuwa amekwisha kuosha mikono. Wanawake walikuwa wameketi kivulini na watoto mapajani, wengine wametembea tangu usiku. Mmoja alikuwa na mtoto wa miezi tisa aliyefikia sindano yake ya kwanza ya surua, na kadi iliyokunjwa ndani ya leso. Aliniambia kwamba mwezi ule ambao muuguzi hakuja walikuja wakangoja mpaka adhuhuri, wakarudi. Hakusema kwa kulaumu. Hakujua mimi ni nani.

Nyuma ya zahanati kuna kilima kidogo, na juu yake ndipo simu inaposhika. Nilipanda jioni kwa miguu, kipande cha ile taa kikinichoma mfukoni, nikampigia babake.

"Umeonaje?" akauliza.

"Chukua kalamu," nikamwambia. "Buti za ngozi, ndefu hadi muundi, namba 39. Glavu. Pampu ya mkono, ile ndogo. Tyubu mbili za mbele, inchi 21, na mbili za nyuma, inchi 18."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo umeamua?"

"Andika kwanza."

Nikamsikia akivuta kiti, akitafuta miwani. Kisha akanisomea orodha yote tangu juu, polepole. Alikuwa amesahau pampu.